Polisi amekusimamisha barabarani na una bastola kiunoni: la kufanya, hatua kwa hatua

Wenye cheti kipya cha kumiliki silaha huuliza maswali yale yale matatu. Nimwambie afande kwamba nina bastola, au ninyamaze? Niiweke wapi nikiwa naendesha? Akiitaka, nimpe? Kwa ufupi: mwambie kabla hajaiona mwenyewe, na akiuliza usimfiche. Iweke mwilini, ndani ya holsta (ala ya bastola), si mahali pengine ndani ya gari. Akiitaka, mwache aseme inatokaje, nawe ufuate neno lake hatua moja moja.

Mwongozo huu ni wa raia mwenye cheti cha kumiliki silaha kutoka Bodi ya Leseni za Silaha, anayeendesha gari lake nchini Kenya: Nakuru, Kisumu, Kakamega, Busia na barabara zinazounganisha miji hiyo. Ikiwa huna cheti, hakuna hatua hapa itakayokuokoa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humfunga jela anayeshika bunduki bila cheti, na hilo si jambo la kumalizwa kando ya barabara.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuwasha gari

- Cheti chenyewe, si picha yake kwenye simu. Kiwe hakijaisha muda, maana hufanywa upya kila mwaka. Wamiliki walikaguliwa upya kuanzia Desemba 2018, na baada ya hapo vyeti vikaanza kutolewa kwa kadi. Kijitabu cha zamani kisikupe moyo.
- Nambari ya silaha. Soma iliyochongwa kwenye chuma, usome na iliyo kwenye cheti, tarakimu kwa tarakimu. Tarakimu moja ikipishana, utakesha kituoni ukieleza.
- Hesabu ya risasi. Zihesabu zilizo kwenye magazini (kasha la risasi linaloingia kwenye kitako), iliyo ndani ya chemba (sehemu inapokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa) kama ipo, na za akiba. Jumla isizidi kiwango ulichoidhinishiwa. Iweke kichwani, kwa sababu utaulizwa na jibu la kusitasita halipendezi.
- Kitambulisho, leseni ya kuendesha gari, na bima ambayo haijaisha. Taa za breki ziwake, magurudumu yawe na meno. Wengi husimamishwa kwa sababu ya taa moja mbovu, kisha bastola ndiyo inakuwa habari. Balbu ni bei rahisi.
- Holsta ngumu inayofunika kifyatulio chote, iliyofungwa kwenye mshipi imara.
- Nambari ya wakili kwenye karatasi. Simu ikizuiliwa, iliyo ndani ya simu haikusaidii.
- Tumbo lisilo na pombe. Kulewa ukiwa na silaha ni kosa peke yake, hata kama gari limeegeshwa na wewe si dereva. Ukijua jioni kuna sherehe, bastola ibaki kwenye sefu nyumbani.

Gari la usukani wa kulia, na mkono upi unafanya nini

Sehemu hii isome mara mbili. Video nyingi za mafunzo zinatoka Marekani, ambako dereva anakaa kushoto. Ukiiga zile, unaiga kinyume.

Kwetu dereva anakaa kulia. Mkanda unashuka kutoka bega la kulia na kufungwa kwenye nyonga ya kushoto. Polisi anakuja dirisha la kulia na kutazama chini, kwenye mapaja yako. Kama unatumia mkono wa kulia na bastola iko nyonga ya kulia, iko kati yako na mlango, sentimita chache kutoka alipo yeye. Sasa fikiria pochi yako iko mfuko wa nyuma, kulia. Anasema, "Leseni." Unainua nyonga, kiwiko kinarudi nyuma, mkono unazama chini ya jaketi. Kwako ni pochi. Kwake ni mtu anayechomoa bastola.

Dawa yake ni hii: pochi ihame. Leseni, kitambulisho na cheti vikae pamoja kwenye kikinga jua juu ya kioo cha mbele, au kwenye mfuko wa shati upande wa kushoto, mahali ambapo mkono wa kushoto unafika bila kupita karibu na nyonga ya kulia. Mkanda nao ufunguliwe kwa mkono wa kushoto.

Anayetumia mkono wa kushoto ana shida nyingine. Bastola yake iko pale pale penye kifungo cha mkanda, kwa hiyo kufungua mkanda kunafanana kabisa na kuchomoa. Yeye asiuguse mkanda mpaka awe amesema alicho nacho na kupewa ruhusa.

Kwa anayebeba bastola kwenye mkoba wa mkononi: karatasi zisikae kwenye mkoba huo hata siku moja. Kutafuta leseni ndani ya mkoba wenye bastola ndilo jambo la hatari kuliko yote tuliyoyataja hapa. Nunua kipochi kidogo cha karatasi, kikae mbali.

Fanya mazoezi gari likiwa limeegeshwa nyumbani na bastola ikiwa tupu, au ibaki ndani ya sefu kabisa. Kaa, funga mkanda, mwambie mtu wa nyumbani asimame dirishani aombe leseni. Muulize aliona nini.

Hatua kwa hatua

1. Washa indiketa mara tu unapopungiwa mkono. Punguza mwendo, simama pale ulipoonyeshwa. Usisogee mita 50 mbele kutafuta kivuli. Kwenye vizuizi vyenye miiba ya chuma barabarani, ingia polepole na usibadilishe njia ghafla.

2. Zima injini, vuta breki ya mkono, teremsha kioo cha dereva chote. Kioo kilichofunguliwa nusu humlazimu afande ainame, na anayeinama huona kiuno. Kama vioo vya nyuma vina giza, viteremshe navyo.

3. Usiku, washa taa ya ndani kabla hajafika, punguza taa za mbele zisimpige machoni. Kati ya Salgaa na Mau Summit ukungu unaposhuka, anayekujia na tochi haoni kitu ndani ya gari ila vivuli vinavyosogea. Mpe mwanga.

4. Mikono miwili juu ya usukani, vidole wazi, na ibaki hapo. Usianze kutafuta leseni ili umrahisishie kazi. Hilo ndilo kosa la watu wastaarabu: anakuja anakukuta umeinama.

5. Waambie abiria mapema, safari ikianza: tukisimamishwa, mikono magotini, kimya, mimi ndiye nitazungumza. Asiwepo wa kusema "huyu ana bunduki" kwa kuchangamka, na asiwepo wa kukunong'oneza kwa Kiluo, Kiluhya au Kikalenjin mbele ya afande asiyeielewa lugha hiyo. Hata kama unachoambiwa ni "tulia", yeye anasikia njama.

6. Salimu, sikiliza kwanza. "Habari ya kazi, afande." Ikiwa anataka leseni tu, iko kwenye kikinga jua, na kuifikia hakufunui chochote, mpe na umalize. Si kila kusimamishwa kunahitaji tangazo. Lakini sema mara moja katika hali hizi nne: amekuuliza; amekuambia ushuke; anataka kukupekua au kupekua gari; au karatasi zako ziko mahali ambapo mkono lazima upite karibu na silaha.

7. Sema kwa mpangilio huu: cheti, silaha, mahali, mikono, swali. Kwa maneno haya au ya karibu nayo:

"Afande, kabla sijasogea ningependa ujue kwamba mimi ni mmiliki wa silaha mwenye cheti. Nimebeba bastola, iko kiunoni upande wa kulia, ndani ya holsta. Mikono yangu iko kwenye usukani. Ungependa nifanyeje?"

Neno "cheti" litangulie neno "bastola". Ukianza na "Nina bunduki", masikio yake yanafungwa hapo hapo na yanayofuata hayasikiki. Sema kwa sauti ya kawaida, kwa Kiswahili cha wazi. Usiseme kwa Sheng wala kwa mzaha. Na usielekeze kwa kidole mahali ilipo: mkono unaoelekeza ni mkono unaosogea. Eleza kwa mdomo.

8. Nyamaza umwache apange. Huenda akamwita mwenzake, na mwenzake mara nyingi ndiye mwenye bunduki ndefu. Hapo ndipo watu huharibu: wanaona ile bunduki, wanaanza kujieleza haraka na kurusha mikono. Jibu unachoulizwa tu.

9. Akitaka cheti, taja kila mwendo kabla ya kuufanya. "Kiko kwenye kikinga jua. Nakichukua kwa mkono wa kushoto." Ngoja aseme sawa. Polisi ana haki ya kudai kukiona, kwa hiyo hapa hakuna mjadala.

10. Akikuambia ushuke, mkumbushe: "Nikishuka, bastola itaonekana upande wako." Uliza kama afungue mlango yeye au ufungue wewe. Kwenye gari la usukani wa kulia, upande wa bastola ndio unaotangulia nje, na jaketi hukwama kwenye mkanda likapanda juu. Kitako cha bastola kinachotokeza ghafla ni tofauti sana na kile alichokwisha kuambiwa. Geuka umpe upande wa silaha, mikono kwenye usawa wa kifua.

11. Akiitaka bastola, chaguo la kwanza ni aitoe yeye wewe ukiwa umesimama tuli, au aivue pamoja na holsta yake. Pendekeza hivyo kwa heshima: "Ni salama zaidi ukiichukua wewe, afande. Ina risasi." Mwambie pia kama kuna risasi kwenye chemba. Akikuamuru uitoe wewe, vidole viwili kwenye kitako, polepole, mtutu chini, kidole mbali na kifyatulio, uiweke alipokuonyesha. Usimnyooshee mkononi.

12. Ukirudishiwa, usiipachike risasi barabarani. Ipokee, iingize kwenye holsta kama ilivyo, weka magazini pembeni, ondoka. Utaipanga mahali penye utulivu, si mbele ya wauza mahindi na abiria wa matatu.

Akikuamuru uitoe risasi

Usijitolee kuifanya kazi hii. Risasi nyingi za bahati mbaya hulia wakati wa kupakia na kupakua, na kando ya barabara una wasiwasi na watu wanatazama. Ikiwa ni amri, fanya hivi.

Elekeza mtutu kwenye udongo laini, si lami wala mawe, kwa sababu risasi hudunda. Toa magazini kwanza. Ndipo uvute slaidi (chuma cha juu cha bastola kinachosogea) nyuma ili risasi ya chemba itoke, iache ianguke chini, usijaribu kuidaka. Fungia slaidi nyuma, tazama ndani ya chemba, ingiza ncha ya kidole uguse kama kuna kitu. Mwonyeshe afande.

Ukigeuza mpangilio, ukavuta slaidi kabla ya kutoa magazini, risasi moja inatoka na nyingine inaingia pale pale. Halafu unatoa magazini na kutangaza "ni tupu" ukiwa umeshika bastola iliyojaa. Kosa hili wanalifanya hata waliobeba silaha miaka mingi.

Makosa yanayojirudia

Bastola chini ya paja au kwenye mfuko wa mlango. Wanasema ni rahisi kuifikia wakivamiwa. Ukifunga breki kali pale Ahero, ng'ombe akikatiza, inateleza mpaka chini ya kanyagio. Ukisimamishwa, huna namna ya kuitaja bila kuonekana ulikuwa umeiandaa.

Bastola kwenye droo ya dashibodi, na gari ameachiwa mke, shemeji, fundi au kijana wa kuosha magari. Cheti ni chako, si cha gari. Anayekutwa nayo akiwa peke yake anakabiliwa na kosa la kumiliki silaha bila cheti, nawe unaulizwa kwa nini hukuiweka salama. Hata dakika tano za kuingia supermaketi, toka nayo.

Noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Hongo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Hongo ya 2016, na kwa mwenye silaha hasara ni mara mbili: kesi, na cheti.

Kumwonyesha afande kwamba wewe ni mtu mzito: kutaja majina ya wakubwa, kuinua shati "ili aone". Kufunua silaha kumtisha mtu kunaweza kukufikisha kortini hata kama hukuigusa.

Kutoa simu urekodi baada ya kutaja silaha. Kitu cheusi mkononi, gizani, hufanana na kile ulichotaja. Kamera ya dashibodi ikiwa tayari inarekodi, iache iendelee.

Kuvuka nayo mpaka wa Uganda. Cheti chako kinakoma Busia na Malaba, hata kama unapeleka mzigo ng'ambo na kurudi baada ya saa moja. Mbuga ya Ziwa Nakuru nayo iko karibu na mjini kiasi kwamba watu husahau: silaha haiingii mbuga ya taifa bila idhini. Uwanja wa ndege wa Kisumu, itangaze kwa polisi kwenye lango la kwanza kabla mashine haijaitangaza.

Mambo yakienda mrama

*Cheti umekisahau nyumbani.* Sema hivyo mwanzoni, toa kitambulisho, taja nambari ya silaha kama unaikumbuka, na uombe mtu akilete. Tarajia silaha izuiliwe kituoni mpaka cheti kifike. Usibishane juu ya hilo.

*Cheti kimeisha na ombi la kukifanya upya liko Nairobi.* Risiti ya maombi si cheti. Tembea na nakala yake ikiwa lazima, lakini bastola ikae kwenye sefu mpaka kadi itoke.

*Afande hajawahi kuona kadi ya aina hiyo.* Hutokea kwenye barabara za ndani. Omba kwa upole awasiliane na OCS wake (mkuu wa kituo) au mkubwa wake wa zamu. Kutaka mkubwa aitwe si dharau, ukilisema bila kuinua sauti.

*Waliokusimamisha hawana sare.* Mikono ibaki usukanini, milango imefungwa, kioo kimeshuka kidogo tu. Omba vitambulisho vya kazi. Usiguse silaha kwa sababu ya shaka peke yake, kwani wengi wa hao ni wapelelezi wa kweli. Ukiwa na shaka, omba muende pamoja hadi kituo cha karibu, na upige 999 au 112 ukiwaeleza unachofanya.

*Ni kizuizi cha msako wa silaha, si cha trafiki.* Ukitoka Nakuru kuelekea Marigat na Baringo ya juu, au Kitale kuelekea Kainuk, hali ni nyingine. Februari 2023 serikali ilituma wanajeshi kusaidia polisi dhidi ya majangili (wezi wa mifugo wenye silaha) huko, na wanaosimama kwenye vizuizi hivyo hutafuta bunduki hasa. Ruka hatua ya 6: sema mara tu unapofikiwa.

*Uko ndani ya matatu na abiria wote wanashushwa kupekuliwa.* Jisogeze uwe wa mwisho kwenye foleni, mikono kifuani, na umwambie afande kwa sauti ya chini kabla mikono yake haijakugusa. Ukipaza sauti kwenye gari la watu 14, utasababisha mkanyagano. Kwenye boda ni rahisi zaidi: mwambie mwendeshaji asimame kabisa, shuka polepole, ndipo uzungumze.

*Silaha imechukuliwa.* Uliza sababu, mara moja. Andika aina ya silaha, nambari yake, idadi ya risasi, jina na nambari ya afisa, na kituo inakopelekwa. Nenda kituo hicho siku hiyo hiyo, hakikisha imeandikwa kwenye kitabu cha matukio (OB), uondoke na nambari ya OB na orodha iliyotiwa sahihi. Risasi ziandikwe kwa idadi. Ukiacha paandikwe "bastola na risasi zake", siku ya kurudishiwa zikipungua huna pa kuanzia. Halafu ijulishe Bodi kwa maandishi.

*Umekamatwa.* Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa sababu, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia nje ya muda wa korti, siku inayofuata ya korti. Toa jina na cheti, kisha useme utaongea wakili akiwepo. Hapo ndipo ile karatasi yenye nambari inapohitajika.

*Umeonewa.* Usimalizane naye barabarani. Malalamiko hupelekwa kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, simu ya bure 1559, au Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi. Peleka saa, mahali, nambari ya gari lao na nambari ya OB. Andika usiku huo huo, kabla hujalala.